Wabeba Maji ya Zege

Wa Kigera ya Manispaa ya Musoma, wa Kigera Etuma kule Nyakatende, wa Bunda, wa Butiama, na wewe mvuvi unayesubiri giza liingie ukawashe taa za dagaa, karibuni nyote. Leo tuzungumze ujenzi, hasa mabinti na akina mama waliomo kwenye ujenzi. Najua ukisikia hivyo unajiandaa kwa hotuba ya Machi 8: mwanamke anaweza, vigelegele, soda moja moja, tumetawanyika. Hotuba hiyo mimi sina. Nina jambo la malipo.

Tuanzie hapa hapa kwetu. Kijiji kikiamua kujenga darasa kwa nguvu za wananchi, tangazo linapita jioni, kesho yake kila kaya itoe mtu. Anayetoka ni nani? Mara nyingi ni mama. Baba yuko ziwani, au amelala kwa kuwa ametoka ziwani, au ameenda mjini kuhangaika. Mama anajitwisha ndoo ya lita 20 na kupanda nayo mlima. Mawe ya msingi yanasombwa kichwani, na mawe Mungu ametujalia mkoa huu. Mchanga nao kichwani. Kokoto zinagongwa na mama aliyekaa chini ya mwembe, nyundo mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameshika duara la mpira uliokatwa kwenye tairi, jiwe amelibana katikati ya ule mpira ili vipande visimrukie machoni. Ukimtazama kwa haraka utadhani anapiga tu. Kaa dakika tano umwangalie: analigeuza jiwe kwanza, anatafuta mshipa wake, kisha anapiga pale pale, na jiwe linaachia kwa pigo moja au mawili.

Zege likishamwagwa, kazi ya ndoo bado inaendelea. Saruji haikauki kama tope la ukutani. Inakomaa kwa maji, na ndiyo maana nguzo, linta na jamvi vinamwagiliwa siku saba kwa uchache, na mafundi wanahesabu siku 28 kabla ya kusema zege limefikia nguvu yake. Ukiliacha juani bila maji linapasuka, na ufa huo utauona hata baada ya kupaka rangi. Wanaomwagilia kwa siku zote hizo ni kina nani? Ni wale wale wenye ndoo.

Sasa tuje kwenye pesa. Mawe, mchanga na maji vinaandikwa kwenye taarifa ya mradi kama mchango wa jamii. Thamani yake inapigiwa hesabu, inasomwa mbele ya mgeni rasmi, na aliyebeba anarudi nyumbani mikono mitupu. Anayelipwa ni fundi, na chini yake saidia fundi. Fundi kwa siku anachukua kama mara mbili ya msaidizi wake, pengine zaidi. Fundi ni mwanaume karibu kila unapokwenda, na saidia fundi ni kijana wa kiume karibu kila unapokwenda. Kwa hiyo watu wanaosema tuwaingize wanawake kwenye ujenzi wamechelewa kufika saiti. Wanawake wamo siku nyingi. Walichokosa ni upande wa kazi unaolipwa.

Na haikuwa hivi tangu mwanzo. Wazee wanaonisikiliza watakumbuka nyumba za miti na udongo. Wanaume walikata miti, wakasimamisha, wakaezeka. Lakini kukandika na kusiliba, kuchanganya udongo na samadi mpaka ushike, kulainisha ukuta kwa kiganja na kuurudia baada ya mvua, hiyo ilikuwa kazi ya akina mama katika makabila mengi ya mkoa huu. Vuka upande wa pili wa Serengeti kwa Wamasai, utakuta nyumba nzima ni ya mwanamke, kuanzia kuchimbia fito hadi kupaka paa. Mmasai wa zamani ukimwambia ujenzi ni kazi ya kiume atakuona umechanganyikiwa. Udongo ulipokuwa wa bure, ukuta ulikuwa wa mama. Ilipokuja saruji ya kununua dukani, kazi ile ile ya kupaka ukuta ikaitwa lipu, ikawekewa bei kwa mita ya mraba, ikahamia kwa mwingine. Sisemi kulikuwa na mkutano wa kuwanyang'anya. Vijana wa kiume ndio waliokwenda mjini, migodini, misheni na jeshini, wakarudi na ufundi mpya na zana zake. Lakini matokeo ndiyo hayo.

Hili la kutohesabiwa si letu peke yetu. Kule London kuna daraja linaitwa Waterloo, juu ya mto Thames. Lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume wengi wakiwa vitani, na sehemu kubwa ya vibarua walikuwa wanawake. Lilipofunguliwa rasmi Desemba 1945, kiongozi mkubwa wa serikali, Herbert Morrison, alisimama akawasifu wanaume waliolijenga. Wanawake hakuwataja. Ilipita miaka mingi kabla wanahistoria hawajaanza kufukua picha na ushahidi, ingawa waendesha boti wa mto ule walikuwa wakiliita daraja la akina mama muda wote huo. Nasi kwetu, tembea ukasome mawe ya msingi ya shule zetu. Utakuta jina la mgeni rasmi, cheo chake na tarehe.

Labda unasema, kaka mtangazaji, hayo ni ya zamani, sasa kuna nini? Sasa kuna pesa, na zinapita karibu yako kuliko unavyodhani.

Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zile fedha za UVIKO-19, na katika hizo yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Madarasa hayo yalijengwa kwa ule utaratibu tunaouita fosi akaunti: pesa inaingia akaunti ya shule, kamati inakaa, vifaa vinanunuliwa, fundi wa pale pale anatafutwa. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Utaratibu huo ndio umejenga zahanati, vituo vya afya, matundu ya vyoo na nyumba za walimu katika kata nyingi za nchi hii.

Maana yake nini kwa Kigera? Mtu anayeamua nani awe fundi hayuko Dodoma. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwako. Ni mwenyekiti wa kamati, ni mwalimu mkuu, ni mtendaji, ni mzee unayekutana naye kanisani au msikitini. Na kwenye kamati hizo akina mama wamo, wanapiga kura. Hapa nawalaumu na akina mama wenyewe kidogo. Ukikaa kwenye kamati ya ujenzi mwaka mzima, ukasaini muhtasari wa kila kikao, na hujauliza hata mara moja kama kuna binti anayeweza kupewa lipu ya darasa moja kati ya mawili, basi kiti hicho umekikalia tu.

Wengine watasema, tutampa vipi, mafundi wa kike hawapo. Ni kweli ni wachache. Tuangalie basi fundi anazaliwaje.

Kijana wa kiume akimaliza darasa la saba au kidato cha nne, anakwenda kwa mjomba aliye fundi. Mwaka wa kwanza anachanganya udongo, anapandisha tofali, anaosha zana jioni. Anatumwa sigara. Siku moja mjomba amechoka, anamwambia, hebu shika mwiko hapa, jaza hizi mbili. Anajaza, zinabomolewa, anajaza tena. Ufundi wa kujaza katikati haumsumbui mtu muda mrefu, kwa sababu kamba imeshafungwa na kozi inaifuata kamba. Penye shughuli ni kwenye kona. Kona ndiyo inayosimamisha nyumba. Kabla ya tofali la kwanza inabidi uipate pembe mraba: unapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na ukivuta futi kutoka ncha hadi ncha ikisoma mita 5 kamili, pembe imekaa. Ikisoma tano na nusu inchi, usijidanganye, rudia. Kisha unapandisha kona kozi kwa kozi, pimamaji kwa ulalo, timazi kwa wima, na kila tofali unaligonga kwa kitako cha mwiko hadi timazi itulie. Siku fundi anapomwachia mwanafunzi wake kona, kijiwe chote kinajua kwamba huyu sasa ni fundi. Hakuna cheti, hakuna sherehe, lakini Jumatatu inayofuata bei yake imepanda.

Binti yuko wapi katika safari hii? Yuko hatua ya kwanza. Wapo mabinti wanaochanganya udongo, wanaopitisha tofali mkono kwa mkono, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kijana aliyeanza naye ameshapewa kona. Yeye bado anaitwa dada, lete maji. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemwambia shika. Chuo kizuri kiasi gani, semina ngapi, hazitatibu kitu kama pale saitini mkono unaotoa mwiko unamruka yeye kila siku.

Kuna hoja ya uzito. Kazi ni ngumu, wanasema, mfuko wa saruji una kilo 50. Ni kweli una kilo 50, na ni mzito kwa kila mtu. Waulize mafundi wa miaka hamsini habari za viuno vyao. Ulaya saruji nyingi wanaiuza kwenye mifuko ya kilo 25, na wanaoinunua ni wanaume wenye misuli yao. Lakini ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bado uzito wa ndoo yenyewe, na huyu mama unayemhurumia ameipandisha mlima mara sita tangu alfajiri. Hakuna aliyemwambia kazi ni ngumu. Na ufundi wenyewe, ukiacha kubeba, ni macho na kiganja. Kupiga lipu, kusawazisha kwa kibao, kupanga marumaru bafuni zikutane kwenye kona bila kipande cha kuchekesha, kuunga nyaya, kupaka rangi, kufunga mabomba: sioni hapo palipohitaji ndevu.

Hoja nyingine inakuja kwa sura ya sifa, nayo naikataa vilevile. Wapo wanaosema, tuwachukue mafundi wanawake kwa sababu ni waaminifu, hawaibi saruji, hawalewi. Nimesikia mpaka viongozi wakisema hivyo. Jamani, mbona mnawatwisha mzigo mwingine? Kesho mmoja akichelewa kazini au akigombana na bosi wa nyumba, mtasema wanawake wote hawafai. Fundi wa kiume akila pesa ya mtu akatoroka, tunasema fulani ni mwizi, hatusemi wanaume wasijenge. Apewe kazi kwa sababu ukuta wake umenyooka. Na ukipinda, abomoe, ajenge tena, kama mwingine yeyote.

Halafu tuna hili la cherehani. Binti akipata matatizo mkoa huu, amekimbia ukeketaji, amepata mimba shuleni, ameachwa na mtoto, wafadhili wakija, halmashauri ikija, mheshimiwa akija, anapewa cherehani. Sina ugomvi na ushonaji. Mama aliyenilea alishona, na nilikula kwa cherehani hiyo. Lakini pita mtaa mmoja wa mjini Musoma uhesabu mafundi cherehani waliokaa barazani wakisubiri mteja wa kupunguza suruali ya mtumba. Kisha pita Kigera uhesabu misingi mipya, maboma yanayosubiri kuezekwa, nyumba zinazosubiri lipu. Mtu anayetaka kumsaidia binti akaona barabara zote mbili, akamnunulia tena cherehani, hakutazama soko. Alitazama sketi.

Mafunzo yapo, tusiseme hayapo. VETA imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na hapa Musoma ina chuo. Uashi, umeme wa majumbani, mabomba, useremala, uchomeleaji: ni kozi zinazojulikana. Ada ya VETA kwa mwaka, kutwa ni shilingi 60,000 na bweni 120,000. Kinachowashinda wazazi mara nyingi ni ovaroli, buti, vifaa vya mafunzo, nauli na chakula. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile alivyoanzisha Mwalimu Nyerere mwaka 1975 baada ya kuvutiwa na vyuo vya namna hiyo huko Sweden. Hapa mkoani kipo Kisangwa, Bunda, na kingine Tarime. Vyuo hivi vina jambo moja ninalolipenda kuliko majengo yake: kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, binti aliyekatisha masomo kwa sababu ya mimba anapokelewa, na mtoto wake ana mahali pa kulelewa wakati mama yuko darasani. Aliyebuni hilo anaelewa maisha. Huwezi kumfundisha mtu kufunga nondo wakati moyo wake uko kwa mtoto aliyeachwa kwa jirani.

Tangu mwaka 2024 baadhi ya sekondari nazo zina mkondo wa amali, kwa hiyo mwanao wa kidato cha kwanza anaweza kuanza ufundi akiwa shuleni. Na kwa yule aliyejifunzia saitini bila cheti, kuna urasimishaji wa ujuzi: VETA wanampima kwa anachokijua kwa mikono, wanaziba mapengo, wanampa cheti. Akina mama mliozoea kupiga lipu za majirani kimya kimya, hili ni lenu. Ulizeni pale chuoni.

Lakini, na hapa ndipo penye mvutano wangu na wataalamu wa semina, chuo kinatoa cheti tu. Kazi ya kwanza inatoka kwa mtu. Wasichana wanaosoma uashi wapo, wanamaliza, wanapiga picha na majoho. Nenda ukawatafute baada ya miaka miwili. Utawakuta kwenye M-Pesa, kwenye mgahawa, kwenye duka la vipodozi. Huwezi kuwalaumu. Mwanaume aliyemaliza nao alirudi kwa mjomba. Binti, mjomba alimwambia, mwanangu, hapa saiti hatuna choo.

Na kweli choo hakuna. Hilo tunalipita kama utani, kumbe kwa wengi ndilo linaloamua. Wanaume wanakwenda nyuma ya lundo la mchanga. Binti anabana mkojo tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi, hanywi maji juani ili asihitaji kwenda, na siku zake zikifika anakaa nyumbani. Akikaa nyumbani siku nne, nafasi imechukuliwa. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tunayo tangu 2003, na inamtaka mwajiri aweke huduma hizo. Mabati manne na shimo, msikilizaji. Tunajenga madarasa ya milioni 20 tunashindwa mabati manne?

Kuna kulala saiti pia. Kazi ikiwa mbali, mafundi wanalala kwenye boma lenyewe, juu ya mifuko ya saruji, wanapika ugali pamoja. Binti atalala wapi? Na bosi mdogo anayemwambia kwamba kona ataipata kwa njia nyingine, tumwite jina gani? Hayo yapo, na fundi mkuu anayenisikiliza anayajua. Ndiyo maana mahali pengi nilipoona mabinti wakidumu kwenye ufundi, hawakuingia mmoja mmoja. Waliingia wawili, watatu, wakafanya kazi kama kundi, wakaondoka pamoja jioni.

Nairobi kuna taasisi inaitwa Buildher, ilianza mwaka 2018. Inawafundisha wasichana wa mitaa ya kipato cha chini useremala, rangi na kazi za umaliziaji, na inahangaika na makandarasi mpaka wawachukue. Huko kuhangaika ndiko ninakokusifu zaidi kuliko mafunzo yenyewe. Rwanda, kule Kayonza, kituo cha akina mama kilichokamilika mwaka 2013 kilijengwa kwa matofali waliyofyatua wanawake wenyewe, zaidi ya laki nne, na ufyatuaji huo ukawabakia kama biashara. Unguja, pale Kinyasini, akina mama wa vijijini, wengine wamesoma kidogo sana, wamefundishwa kuunganisha na kutengeneza umeme wa jua, wakarudi kwao kuwasha nyumba ambazo nguzo za umeme hazijafika. Kote huko ufundi ulikuja pamoja na mteja.

Sisi mteja tunaye kisheria, ila tumemsahau. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sasa tazama kundi la wanawake linapopata zabuni, mara nyingi ni chakula cha kikao, usafi, au kushona sare. Kupiga lipu ofisi ya kata mnaona haya gani? Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Afisa maendeleo ya jamii akikuuliza mnataka kufanya nini, jibu la kwanza mdomoni ni kuku. Kuku wanakufa kwa mdondo, akina mama, na deni linabaki. Mashine ya kufyatulia tofali haifi kwa mdondo. Watano mkikaa pamoja, mmoja anajua uwiano wa mchanga na saruji, mmoja ana uwanja karibu na barabara, mmoja ana mdomo wa kuuza, hiyo ni biashara Kigera hii hii inayojengwa kila siku.

Sitaki pia niwadanganye mabinti. Ufundi wenyewe una shida zake na hazina jinsia. Kazi inasimama masika. Mwenye nyumba anakwambia pesa imekwama, na wewe umeshapandisha mpaka linta. Mkataba ni wa mdomo, kisa cha kugombana kila mwisho wa wiki. Ukianguka kwenye jukwaa la miti, hospitali ni juu yako na ndugu zako. Mkiingia, ingieni mkijua, na msikubali kuanza kazi bila karatasi yenye kipimo, bei na sahihi mbili. Wanaume mafundi hawakulizoea hili. Mkilianzisha ninyi, na wao watawashukuru, ingawa si mwaka huu.

Nimalizie na Kwangwa, maana wasikilizaji wengi mnapaona mkipita. Hospitali ile iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere ilianza kujengwa miaka ya 1970, ikasimama, ikaota majani, vizazi vikakua vikiitazama, mpaka ilipokuja kukamilishwa na kuanza kuhudumia watu miaka hii ya karibuni. Katika miaka yote hiyo ya kusimama, mkoa huu ulikuwa ukizalisha mafundi, na ulikuwa ukiwatafuta katika nusu moja tu ya watoto wake. Sasa kuna ujenzi mwingine mkubwa, chuo kikuu kule Butiama, barabara, na majengo ya halmashauri. Makandarasi wakubwa wanakuja na watu wao, lakini vibarua na mafundi wa umaliziaji wanaokotwa hapa. Watakuja kuuliza kijiweni. Kijiweni hakuna binti.

Laini za simu ziko wazi kuanzia sasa. Leo nitaanza na wanaume, akina mama mnivumilie kidogo. Namtaka fundi yeyote wa Kigera, Bweri, Nyakato, popote ulipo, anipigie anijibu swali moja: yule dada anayekuchanganyia udongo tangu mwaka juzi, unayemtuma maji, umeshampa kona? Kama bado, unangoja nini? Na kama umempa, tuambie anasimamishaje. Mhandisi wangu hapa ananionyesha kuna simu tayari. Haya, halo, unatupigia kutoka wapi?